Mzee Aliyesema Hajambo

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Shikamoo yako imefika hapa Makorora, marahaba. Babu yako anakusalimu, anasema hajambo. Mama yako mdogo amehamia Pongwe na watoto.

Umeniuliza kwa nini sista wa wodi alikugombeza kwa kumchoma mgonjwa sindano ya maumivu kabla ya kumpima, na mgonjwa mwenyewe alikwambia hajambo.

Nilipokuwa muuguzi kijana, wodini kwetu alilazwa mzee aliyepasuliwa tumbo. Asubuhi mwenzangu Rehema alimwamkia, "Shikamoo babu, umeamkaje?"

"Marahaba mwanangu. Sijambo, alhamdulillahi. Ni kidonda tu kinauma."

Rehema akamchoma sindano yake ya maumivu, akamfunika shuka, akaenda kitanda cha pili. Mzee akatulia, tukadhani amepata nafuu. Nilipofika na kipimo cha presha, mkono wake ulikuwa wa baridi, umelowa jasho, na presha imeshuka mno. Alikuwa akivuja damu tumboni. Alifia mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Rehema alilia kutwa. "Lakini alisema hajambo."

Sisi watu wa huku, ukitusalimu tunajibu hatujambo hata tukiwa taabani. Ndivyo tulivyolelewa. Basi ipokee salamu, kisha mshike mkono, tazama anavyopumua, pima presha, ndipo ushike sindano.

Hapo juu nimekuandikia kwamba babu yako hajambo. Hayo ni maneno yake. Leo asubuhi nimempima mwenyewe. Omba ruhusa kazini, uje.

Bibi yako,
Mwanahawa