Kasuku Aliyenyimwa Kashata

Mpendwa Baba,

Sultani amekufa. Usishtuke, kafa kwa uzee, tena kistaarabu: asubuhi kala papai lake, kajinyoosha, kajikunyata kwenye kijiti chake, na adhuhuri nilipokwenda kumbadilishia maji nikamkuta keshatangulia. Tumemzika uani kwenye mpera. Wajukuu na vitukuu wako wamelia, na mie nimelia huku nacheka, maana kasuku ambaye bwana mifugo alimpa mpaka mwisho wa masika ameuzika karibu mtaa mzima. Nikasema habari hii lazima uipate kwangu, usije ukaisikia kwa watu.

Unakumbuka ulivyokuja naye? Ulikuwa mtu wa reli, ukarudi kutoka Kigoma na kikapu umekifunika kwa koti lako, na Mama akadhani umemletea migebuka. Kufunua, ndege wa kijivu, mkia mwekundu, anamtolea macho. "Shomari," akasema, "mie nimekuagiza samaki, wewe umeniletea mpangaji!" Jina akampa papo hapo, kwa jinsi alivyokaa akingoja kutumikiwa. Balozi wetu wa nyumba kumi hakulipenda jina hilo hata kidogo. Nchi ya wakulima na wafanyakazi, alisema, sultani wa nini? Akawa anamwita Ndugu Sultani, na kila akipita Temeke yetu ile lazima amrushie neno: "Kupe mkubwa wewe, unakula jasho la wenzako!" Halafu huyo huyo balozi anamkatia kashata.

Kashata ndiyo ilikuwa adabu ya nyumba yetu. Mama alizipika mwenyewe, za nazi na za karanga, na jirani yeyote akikaa barazani jioni anapata kahawa chungu na kipande chake. Sultani naye akafundishwa kukaribisha wageni. Akisema "Karibuni jamani, kahawa ipo," Mama anamvunjia kidogo. Neno jingine alilidaka mwenyewe, kwa kulisikia kila tukimaliza kula: "Kidawa, umeshiba?" Ndivyo Mama alivyokuwa akiniuliza mie, kitindamimba niliyekuwa mwembamba kama njiti ya kiberiti. Na hilo nalo likapewa kashata.

Kisha Mama akaugua, na haikuchukua muda akatuacha. Kaka na dada walishakuwa na nyumba zao, tukabaki wewe na mie. Sultani alikaa kimya muda wote wa matanga. Siku ya arobaini, hitima imekwisha, watu wanakunja mikeka, ikatoka sauti ya Mama kwenye kizimba, yake yenyewe, na kile kikohozi chake kidogo cha mwanzo: "Karibuni jamani, kahawa ipo." Wallahi Baba, mikeka iliwaanguka watu mikononi. Bi Mgeni wa nyumba ya pili akakaa chini akalia. Alipoinuka alichukua kashata kwenye sinia, akampa ndege. "Sadaka ya marehemu," akasema.

Basi likawa jambo. Mtu anatoka zake sokoni, anapitia kwetu kumsikia Mama, na hawezi kuondoka hivi hivi. Kashata, halua, visheti, andazi lililochovywa kwenye chai ya maziwa, vyote vikaingia kizimbani kwa jina la sadaka. Nawe ulikuwa wa kwanza. Ukirudi kazini hujavua hata viatu, unavuta kiti mbele ya Sultani, kipande mkononi. Anasema, unampa. Anasema tena, unampa tena. Mie nilikuwa nyuma yako na sahani yangu, sili mpaka niulizwe, na watu wakasema masikini, anamsubiri mama yake. Nikishaulizwa na ndege, wewe unampa chake bila kugeuka, nami nakula.

Ndege akanenepa mpaka kifua kikaumuka. Manyoya ya tumboni yakapukutika, akawa hapandi tena kijiti cha juu, anakaa chini tu akihema mdomo wazi. Sauti nayo ikaanza kukwaruza. Siku aliposema "Kidawa" halafu ikaishia hapo, ulivaa kofia ukaenda kumtafuta bwana mifugo. Yule alikuwa mtu wa ng'ombe na kuku. Alikuja na baiskeli yake akicheka, eti leo ameitiwa kasuku.

Alipomshika kifua kicheko kikaisha. "Mzee, huyu anakula nini?"

Ukamtajia vyote, kwa fahari kabisa, kama mtu anayetaja mahari aliyotoa.

"Loh! Huyu hafugwi, huyu yuko harusini mwaka mzima. Amejaa mafuta. Mkiendelea hivi mwisho wa masika hafiki. Sukari basi, chumvi basi, chai basi, parachichi msimwonyeshe kabisa. Mpeni kile ambacho angejitafutia mwenyewe porini. Matunda, mbegu, majani. Na pilipili."

"Pilipili?" uliruka kwenye kiti. "Ndege aliyebeba sauti ya mke wangu nimpe pilipili?"

"Ndege haimwashi, Mzee. Jaribu utaona."

Nilikuangalia nikakuonea huruma. Akiendelea kula kashata tutamsikia Mama siku chache, kisha ndege afe na sauti iende naye. Akinyimwa, pengine asiseme tena maisha. Na wewe hukuwa mtu wa kunyima. Wewe ulikuwa ukiuziwa samaki aliyeharibika huku unamwona, kwa sababu tu unaona haya kumrudishia muuzaji. Leo uwe ndiye wa kuzuia mlangoni sadaka ya mkeo!

Wa kwanza kuja alikuwa Bi Mgeni, kama kawaida yake. Ukamzuia mkono.

"Bwana Shomari, kwani mkono wangu una nini?"

"Hauna kitu, dada yangu. Ila sukari inamuua."

"Kashata alizolishwa na marehemu mwenyewe, leo zimekuwa sumu? Yaani unamnyima marehemu sadaka yake?"

Nikajua tayari, Baba kashindwa. Ukasema polepole, "Sadaka wape watoto wa chuo cha Kurani, wamsomee marehemu dua. Huyu ukimpenda mletee papai." Bi Mgeni akajifunga kanga vizuri akaondoka, na salamu yake hatukuiona tena kwa miezi. Watoto wa chuoni wao walineemeka.

Sultani alisusa. Mbegu za maboga alizimwaga, mahindi mabichi akayatupa, mchicha akaukanyaga huku anatutazama. Akaufunga mdomo, neno hakuna. Lakini ulikuwa umebadilika, Baba, na mie nilikuwa nakuona. Hukumpa tena kitu ili aseme. Ulikata kipande cha papai kidogo kama ukucha, na mbegu zake, ukakishika juu ya kijiti ili apande mwenyewe kukifuata. Akipanda, anapata. Asipopanda, unakula wewe mbele yake, tena kwa kujilamba.

Siku ya pilipili balozi alikuwepo, akapiga kelele, "Mzee, huo ni ukatili, nitakuitia watu!" Ukamnyooshea hivyo hivyo. Sultani akaidaka ile pilipili mbuzi nyekundu, akaikamata kwa mguu, akaifungua, akaanza kula mbegu moja moja macho yamelegea. Akamaliza, akanyoosha shingo kutaka nyingine, akapanda mpaka kijiti cha juu kuifuata. "Kupe huyu!" balozi akasema, mdomo wazi. Ukacheka, Baba. Ulicheka mpaka ukashika ukuta, na mie sikuwa nimekusikia ukicheka tangu Mama atutoke. Nilifurahi hadi nikasahau kwamba ndege bado ni bubu.

Jioni nilikaa na sahani yangu, kama kawaida, wali unapoa. Kizimbani kimya. Jioni moja ukaacha kumtazama Sultani. Ukageuza kiti, ukakohoa, ukaangalia kibatari badala ya kuniangalia mie, ukasema kwa aibu kama mchumba: "Kidawa... umeshiba?" Nilikuwa sijala hata tonge. Nikakuambia bado, tukala pamoja sahani moja, na kuanzia hapo hukuacha kuniuliza hata jioni moja.

Mvua za vuli zilipoanza Sultani alikuwa na manyoya mapya, amekaza kifua. Asubuhi moja, wewe unanyoa ndevu, tukasikia: "Karibuni jamani, kahawa ipo!" Ni Mama, na kikohozi chake. Ulitoka mbio na sabuni kidevuni. Bi Mgeni alikuja anakimbia kanga inaburuzika, mkononi ana papai, mkalia wote wawili na uadui ukaisha. Tukaingojea jioni. Tukala, tukanawa, tukakaa. Naye akasema: "Kidawa... umeshiba?"

Ilikuwa sauti yako. Na kule kusita kwako katikati.

Uliinuka ukatoka uani, ukakaa huko mpaka mbu wakakurudisha. Neno lile halikurudi tena kwa sauti ya Mama. Karibuni Mama alibaki nalo, kushiba ukalichukua wewe. Hukuwahi kulizungumza, mpaka ulipolala kitanda chako cha mwisho, mie mtu mzima nina watoto, ukanishika mkono: "Nisamehe, mwanangu. Pengine kashata mbili tatu zisingemdhuru, ukaendelea kuulizwa na mama yako." Nikakupa maji, nikasema usiseme hivyo Baba, ukasinzia. Sikupata tena nafasi ya kukujibu.

Sasa mie ndiye bibi. Wajukuu wakitaka kumpa paka biskuti nawaambia mnyama hajui kukataa, basi anayempenda ndiye amkatalie, wampe dagaa asiye na chumvi na mkono wa kumkuna shingo. Wananiona bahili. Nacheka, kwa sababu ndege yule uliyemnyima tumeishi naye miaka yote hii, na watoto ambao hawakukuona hata siku moja wamekua wakiijibu sauti yako kila jioni.

Jibu lako nimechelewa nalo, lipokee. Mama nilimwona akitolewa mlangoni kwenye jeneza, Baba. Nilijua hayumo kizimbani, hata mtoto anajua. Jioni zile nilizokaa na sahani bila kula, mlidhani namsubiri yeye. Nilikuwa nakusubiri wewe ugeuze kiti.

Pumzika, Baba yangu. Mama msalimie sana.

Ni mie, kitindamimba wako.