Viluwiluwi Kwenye Birika la Ubatizo

Karakana ya Mabomba,
Chumba cha nyuma.
Jumatatu, tarehe 14.

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu tele. Hujambo huko chuoni? Kifua kimeacha kukusumbua? Sisi wazima. Mimi mgongo ulinikamata nilipoinua tangi la lita elfu peke yangu, tena likiwa na maji, lakini nimepona.

Mama yako mzima. Baba yako bado anahubiri mpaka sauti inamkauka. Dada yako mdogo ndiye hasa aliyenishikisha kalamu. Unamjua: akikuta konokono njiani, shule itasubiri.

Basi alikuwa abatizwe, yeye na wenzake tisa. Kwa kuwa maji hapa hutoka kwa kubahatisha, nililijaza birika la kanisa wiki mbili kabla, kwa ufundi ambao hata mainjinia hawana. Kifuniko tu nilisahau. Siku ilipokaribia, birika likawa limejaa viluwiluwi, watoto wa chura.

Baba yako akaamuru limwagwe. Dada yako akakaa ukingoni, akamwambia, "Baba, hawa wameingia kabla yetu." Wakimwagwa, akasema, yeye habatizwi. Baba yako ni mtu wa neno moja, na huyu kamrithi. Siku tatu mezani hawakusemezana.

Nikajitia mjuzi. Nikawahamishia ishirini kwenye ndoo ya maji safi ya bomba, nikamwambia asiwe na wasiwasi, mjomba wake amewahi kufuga mamba. Kufika adhuhuri wote wanaelea. Kumbe dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba ndiyo iliyowaua. Hakulia. Aliwafunga kwenye karatasi ya daftari, akawazika nyuma ya kanisa, kisha akaniuliza, "Mjomba, na wale mamba wako waliishia wapi?"

Mpwa wangu, nikachukua ile ndoo nikaenda kuisugua.

Baba yako alikuwa dirishani, aliona yote. Jumapili akatangaza kwamba ubatizo umeahirishwa mpaka walio majini waote miguu. Mzee mmoja wa kanisa akauliza kama na hao wataandikwa washirika. Watu wakacheka, baba yako hakucheka.

Zikapita wiki tano. Niliwawekea ubao wa kupandia, wakatoka mmoja mmoja.

Jana ndipo tukabatiza. Dada yako aliingia wa kwanza. Akazamishwa, akaibuka macho wazi, akamnong'oneza baba yake: "Kuna mmoja bado yuko chini."

Baba yako akainama, joho limelowa mpaka kifuani, akapapasa sakafu ya birika polepole. Wale wenzake tisa wanangoja zamu. Akatoa kachura kadogo, kamkia hakajaisha. Akapanda ngazi nako viganjani, akapita katikati ya waumini akichuruzika maji, dada yako nyuma yake, wakaenda kukaweka kwenye nyasi.

Tukawangoja. Walikawia, na walirudi wakiongea.

Msalimie shangazi yako na mumewe dereva. Mola akutunze, akufungulie kichwa kwenye mitihani.

Ni mimi nikupendaye, nisiyetia chumvi kamwe,

Mjomba Bomba