Fungu la Mlembe

Chiungutwa

Dada yangu Mama Mwanaidi,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa taratibu zote za msiba, nawatangazia ndugu na jamaa wa Lindi kwamba mwavuli wangu mweusi umefariki. Umefia kwenye mpando wa Newala, upepo ulipoupindua mbele ya wanawake waliokuwa wakipandisha mitungi ya maji. Walicheka mpaka ikabidi waitue. Marehemu ameacha mpini na mbavu tatu.

Shikamoo, dada. Najua ilinipasa kuanza na hiyo, ila nilitaka ucheke kidogo kwanza. Mwanao mzima. Parudie hapo kabla hujaendelea: Mwanaidi mzima, yuko uani na wifi yako Asina wanamenya ming'oko. Nawe je, ule mguu umepoa? Mchele unapatikana huko, au nao umekuwa hadithi?

Huku wakubwa wanasema vita vya maji vimekwisha. Huenda. Lakini maghala yaliyochomwa hayajajaa tena, na muhogo tuliokwenda kuutafuta Newala tuliukuta nao unatafutwa na wengine. Tunaishi kwa ming'oko, mizizi ya porini, na si kila siku tunaipata. Simba nao, tangu vita, wamezoea watu. Njia ya Lukuledi walimchukua mtu mchana kweupe. Ndiyo maana sijamleta mtoto kama nilivyokuahidi. Najua unanilaumu. Hata mimi nikijinyoosha kitandani najilaumu, kisha nausikiliza usiku mpaka alfajiri.

Chuo changu kina watoto watano, Mwanaidi wa sita. Lakini mtoto mwenye njaa husoma alifu, akifika be amelala juu ya ubao. Tena walikuwa waoga mno. Jani likianguka, wote chini ya mkeka. Basi nikaanza kuwatoa asubuhi kwenda kutazama ndege. Ndiyo, mimi! Ndege ninaowajua ni kunguru na kuku, na kuku namjua zaidi akiwa mchuzini.

Asina akanisimanga: "Mwalimu, watoto hawana uji tumboni, unawapeleka kutazama ndege?"

"Ndege wanakula," nikamjibu. "Tukatazame wanakula wapi."

Sharti lilikuwa moja: kaa, nyamaza, kisha useme umeona nini. Siku ya kwanza aliyeshindwa kunyamaza ni mimi. Lakini wenzangu walijifunza. Waliwafuata ninga, wale njiwa wa kijani, mpaka kwenye mkuyu uliojaa matunda, tukala, ndege juu, watoto chini. Mwanaidi akawa anajua hua yupi ana makinda kwa namna anavyorukia mti ule ule kila mara. Na woga ukapungua, dada, kwa kuwa kila sauti iliyokuwa ikiwatisha sasa ilikuwa na mwenyewe. "Huyo si mtu, mjomba," ananiambia nikishtuka, "huyo kwale."

Kisha akaja mlembe. Ni ndege mdogo, wa rangi ya vumbi, hana sura ya kukumbukwa, kama mdogo wako. Lakini anajua nyuki walipo na hawezi kuupasua mzinga wao, basi huita watu. Jirani yetu Che Saidi, Myao mrina asali, aliwafundisha watoto kumwitikia: brrr-hm! Mlembe akilia anaruka mti mmoja mbele, anangoja, nawe unamfuata mpaka kwenye tundu lenye nyuki. Ukishafukiza na kurina, unamwekea kipande cha sega juu ya jani. Hilo ni fungu lake.

Alituongoza. Che Saidi alikuwa mgonjwa, akatuazima shoka lake na kutupa maelezo. Mimi nikafukiza, nyuki wakaninyanyasa. Asali ilikuwa kidogo. Watoto walikula asali, wakala na makinda ya nyuki, wakatafuna nta mpaka ikaisha, na mimi mwalimu wao nikalamba majani. Juu yetu mlembe alilia, akalia, kisha akanyamaza.

Jioni Che Saidi akauliza: "Mlembe mlimwachia nini?"

"Tulimwachia asante," nikasema, nikijiona nimesema la maana.

"Asante hailiwi, Mwalimu." Hakucheka. "Ukimdhulumu huyu, safari nyingine atakuita vile vile. Utamfuata ukidhani asali, akufikishe kwa simba."

Watoto walisikia. Kesho yake hakuna aliyetaka kutoka. Mlembe akilia nyuma ya nyumba wanaziba masikio. Mwanaidi akaacha kula. Usiku ananiuliza simba huanza na nani. Nilimwambia ni maneno ya warina asali tu. Akanitazama kama unavyonitazama wewe.

Nisalimie shangazi yetu mpika vitumbua, umwambie harufu ya kikaango chake naiota. Nisalimie baba mkubwa, imamu wetu, aniombee, na mume wako, shemeji yangu mwenye subira. Mkweo atakayejifungua karibuni, Mungu amshushe salama.

Hapa ningetia jina langu. Lakini wapagazi wanaoleta barua hii watakuambia kwamba nilimtoa mwanao kinywani mwa simba kwa shoka. Hiyo ndiyo habari inayotembea Masasi nzima, na mimi sikuikanusha kwa haraka iliyotakiwa. Usiisadiki. Kilichotokea ni hiki.

Asubuhi moja niliamka nikakuta mkeka wake mtupu. Kipande cha sega alichotupatia Che Saidi kiwe dawa ya kifua cha Asina, nacho hakipo. Asina alinyanyua kitambaa kilichokifunika, akasema neno moja: "Mlembe." Nikatoka mbio na shoka, pekupeku.

Nyuma ya mashamba nikamsikia ndege analia, kama mtu anayetikisa kokwa ndani ya kibuyu. Ananiita mimi. Dada, nilisimama. Mimi niliyesema ni maneno tu, niliyasadiki yote papo hapo. Kisha nikafikiri: kama ananipeleka kwa simba, basi ndipo mtoto alipo. Nikamfuata. Mti hata mti, nalia huku namfuata.

Bondeni majani yakatikisika. Hapo ndipo shoka lilipotumika, wanavyosema. Nililitupa, nikapanda mti, na saruni ikabaki chini.

"Mjomba," majani yakasema, "shuka. Umemfukuza."

Mwanaidi alikuwa ameketi mbele ya jani lenye sega, anamngoja mlembe ili amlipe fungu lake. Hakukuwa na simba. Kama alikuwapo, nadhani kelele zangu zilimchukiza. Akanipa saruni yangu akitazama pembeni, akanikalisha, akaniwekea kidole mdomoni. Tukangoja mpaka jua likatuunguza visogo. Mlembe akarudi, akashuka, akala, anatutazama kwa jicho moja.

Mwanaidi akanishika mkono. Nilidhani ananituliza, kumbe yeye ndiye aliyetaka kushikwa.

"Uliogopa?" nikamuuliza.

"Sana."

"Sasa ulikuja peke yako kwa nini, mama?"

"Simba angekuja nyumbani," akasema. "Na wewe ndiye unayelala karibu na mlango."

Msafara wenye bunduki ukipita, nitakuletea mwanao mimi mwenyewe, mkononi.

Mdogo wako mwoga,
Selemani