Udongo wa Mkono wa Kushoto

Nzioka, ndugu yangu,

Ningeanza kama tulivyofundishwa misheni, kwamba mimi huku ni mzima na natumaini na wewe huko ni mzima. Lakini hali yako naijua, niliiona ikishushwa kwa kamba, na mimi mwenyewe mzima si mzima. Basi tuliache hilo.

Mwandiko ukikushinda usinicheke. Ni wa mkono wa kushoto. Ule wa kulia bado unakataa kalamu. Na wewe kusoma hukuwa hodari, shule ulifukuzwa kwa kumng'ata mwalimu. Kwa hiyo tuko sawa: mmoja hajui kuandika, mwenzake hajui kusoma, barua itafika vizuri kabisa.

Kwanza nina ugomvi na wewe. Ulikufa vibaya. Sisemi ugonjwa wa kifua, huo ni mambo ya Mungu. Nasema wakati. Kesi imepangwa, wakili amekuweka shahidi wangu, tena shahidi wa pekee, na shati la kortini umeshajishonea, jeupe, lenye kola ya kizungu. Halafu unalivaa kwenda kaburini. Nani hufanya hivyo, Nzioka? Nilikaa kwenye mazishi yako nikitazama ile kola na kuwaza, sasa korti itamwona nani?

Nitakusimulia yote tangu mwanzo, ingawa unayajua. Wakili alinizoeza hivyo mpaka sasa siwezi kusimulia vingine, hata nikiulizwa njia ya kwenda stesheni naanza na motokaa.

Motokaa ilinigonga karibu na daraja la Ruiru, nikirudi nyumbani kutoka kazini, nikisukuma baiskeli yako uliyoniazima. Ilikuwa motokaa ya kampuni, na dereva mwenyewe alikubali kosa. Mimi niliangukia mkono, baiskeli ikaniangukia mimi. Gurudumu la mbele lilipinda likawa kama yai. Mkono ulivimba, hospitali wakaufunga, wakaupiga picha ya eksirei, wakasema mfupa hauna neno. Uvimbe ukaisha. Maumivu hayakuisha. Ndipo watu wa bima wakaja, wakaitazama baiskeli, wakatikisa kichwa, wakailipa bila maneno. Wakanitazama mimi, wakaondoka. Kosa langu ni kwamba sikupinda.

Na ni maumivu gani haya? Mpaka leo sijui niyaite nini. Asubuhi mkono ni baridi kama chura. Mchana unakuwa mwekundu, unatoa jasho peke yake, mwingine mkavu. Upepo ukipita, naumia. Nguo ikigusa, naumia zaidi. Nguo, Nzioka! Mimi! Fundi wa kushona, nimekaa kwenye varanda ya duka la Bwana Ratilal pale Thika tangu nywele zikiwa nyeusi, cherehani yangu kando ya yako, halafu kitambaa cha marekani kinaniunguza kama pasi ya makaa mtu ameisahau juu ya mkono akaenda kunywa chai. Varanda nzima ilicheka. Hata mimi nilicheka. Kama ingekuwa hadithi ya mtu mwingine ningeisimulia mpaka Murang'a.

Shida ni jina langu. Unakumbuka siku nilipojifanya maiti chini ya meza ya kukatia? Ratilal akalia, akamwahidi Mungu kwamba akinirudisha tutapata chai yenye sukari. Wewe ndiye uliyelia kwa sauti kuliko wote, na ulijua, mwizi wewe. Nikafufuka. Chai tulikunywa. Lakini tangu siku ile nikisema naumwa, watu hutafuta mahali pa kukaa, wanangojea kichekesho kiishe.

Wewe pia ulingojea, usikatae. Mpaka ile alasiri nilipopitiwa na usingizi nimeegemea nguzo, ukachukua kipande cha hariri ya gauni la mteja, chepesi kama pumzi, ukakilaza juu ya mkono wangu ili uhakikishe. Nilipiga kelele mpaka mbuzi wa barabarani wakakimbia. Nilipofungua macho hukuwa unacheka. Ulikunja ile hariri polepole, ukairudisha mezani, ukasema, "Mzee, hii si yako. Wewe ukitunga, hutunga nzuri kuliko hii."

Hakuna aliyewahi kuniambia neno zuri hivyo, na ulilisema kama unanitukana. Kesho yake ulichukua mashati yangu yote ukakata mkono wa kulia, ukapinda ukingo mahali pa bega, mshono wako ule mdogo mdogo. Hukuniuliza.

Sasa, daktari wa bima. Hukumwona, ulikuwa umeshalala kitandani na kifua. Mzungu mpole, mikono safi. Siku hiyo mkono wangu ulinyamaza, ukatulia kama mtoto mbele ya mgeni, rangi nzuri, hata jasho hakuna. Nilitaka kuupiga kofi. Akaniambia nitazame dirishani, akaleta pamba. Nikaruka. Akasema, "Umeruka kabla pamba haijakugusa." Na ni kweli! Nilikuwa nimeiona kwenye kioo cha dirisha. Nikamwambia, wewe ukiona nyoka hungojei akuume kwanza. Akaandika. Naamini hakuandika habari za nyoka.

Toka hapo nikachanganyikiwa. Usiku wa manane nimelala—hapana, sitaki kukupa usiku, mchana ulinitosha. Mchana nilikuwa nikiukalia ule mkono na kuutazama na kujiuliza, labda nimedanganya watu maisha yangu yote mpaka sasa najidanganya mwenyewe na sijui. Ningekuuliza wewe. Ndiyo wiki uliyokufa.

Na mkono wa kushoto nao ukaniletea mambo yake. Wewe unajua, kwetu na kwenu ni mamoja, mtu humpi kitu kwa kushoto, humsalimu kwa kushoto. Homgadi, askari wa serikali pale kwenye kizuizi cha barabarani, nilimpa kipande changu cha pasi kwa kushoto akanipiga kofi, akasema Mkikuyu huyu ana dharau. Wazee kanisani wakaacha kunyoosha mikono nikipita. Nikawa naweka mkono nyuma na kuinama kama Mjapani.

Basi mazishi. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo wa Thika wenyewe unaujua, mabonge mekundu, baridi. Mchungaji akasema tumuage. Nikainama nikachukua kwa kulia. Nzioka, naapa kwa mama yangu. Ukanishika moto mpaka kwenye jino. Mkono ukafunguka wenyewe, udongo ukaanguka kwenye viatu vyangu. Nikachukua tena, ukaanguka tena. Nyuma watu wanasukumana. Nikachota kwa kushoto, nikakutupia.

Nilisikia mtu akivuta pumzi. Mkeo, Mama Nduku, alikuwa amesimama upande wa kichwa. Alinitazama kama mtu aliyetemewa mate. Akanigeuzia mgongo, na hakunisemesha tena. Ningemwambia nini? Shemeji, naumwa? Angetafuta mahali pa kukaa.

Kesi ikafika, na mimi bila shahidi. Wakili wangu, yule Mhindi kijana, aliniambia mlangoni, "Mzee, leo tafadhali usicheke." Nilijaribu. Lakini wakili wa bima akamwita Ratilal, akamwuliza kama mimi hujifanya mgonjwa. Ratilal ni mtu mwaminifu, hawezi kudanganya hata kwa faida, ndiyo maana duka ni lile lile moja. Akasimulia maiti chini ya meza. Akasimulia vizuri! Mkalimani alishindwa kumaliza kwa kicheko. Hakimu akafunika mdomo kwa leso. Na mimi, ee Ngai Mungu wangu, nikacheka. Wakili wangu akanikanyaga kiatu.

Halafu wakamwita Mama Nduku. Upande wao, si wangu. Walikuwa wamesikia habari za kaburini.

Aliingia amevaa nyeusi, hakunitazama. Akaulizwa, huyu ni mtu wa mzaha? "Tangu nimjue," akasema. "Siku ya harusi yangu alijifunga leso akakaa mahali pa bibi harusi. Mume wangu karibu amwoe." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Na siku ya mazishi alifanya nini? "Alimtupia mume wangu udongo kwa mkono wa kushoto." Mkalimani ilibidi amweleze hakimu jambo hilo lina uzito gani, akaeleza kwa muda mrefu, na mimi nikatamani ile motokaa irudi imalize kazi.

Yule wakili wa bima angekaa chini hapo, nilikuwa nimekwisha. Lakini alitaka utamu zaidi. Akauliza, "Kwa hiyo hata kaburini alikuwa anafanya mzaha?"

Mama Nduku akanigeukia sasa, akanitazama, halafu akatazama shati langu, hapa begani, mahali ulipopinda ukingo. Anaujua mshono wako kama anavyojua kikohozi chako.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini, mama?"

"Haikuwa mzaha. Mzaha wake watu hucheka. Siku ile hakucheka mtu." Kisha akasema polepole, kama anayevuta uzi asiukate, "Huyu anaweza kumchezea Mungu, na Mungu acheke. Lakini hangemfanyia Nzioka hivyo. Alichukua kwa kulia kwanza. Ukamponyoka. Akachukua tena ukamponyoka. Niliona kwa macho yangu, nikadhani anakataa kumzika." Akanielekezea kidole mbele ya wazungu na kila mtu. "Fundi, kwa nini hukuniambia?"

Nililia, Nzioka. Na mtu mmoja kule nyuma akaanza kucheka, akidhani ndiyo nimeanza.

Hakimu alitoa hukumu siku nyingine. Alisema daktari ni mkweli, na picha ya eksirei ni kweli haionyeshi kitu. Lakini alisema mtu hamtukani rafiki yake wa maisha mbele ya mjane wake, na asijieleze, eti kwa ajili ya kesi, wakati hajui kama kuna atakayemwuliza. Kwa hiyo maumivu yapo. Akanipa haki yangu, si yote tuliyoomba, lakini alisema yapo. Nilimwomba mkalimani anirudie hilo neno moja. Yapo.

Sasa nisaidie, maana kichwa changu hakilipangi jambo hili. Kama ningeuma meno nikakutupia udongo kwa kulia, ningekupa heshima yako na korti ingeniita mwongo. Nilikutukana, nikaaminiwa. Sasa wewe kortini hukuja, au ulikuja? Wakili anasema nisiwaze sana, nimeshinda. Yeye ni kijana.

Halafu nilidhani nikiaminiwa maumivu yatapungua kidogo, hata kwa adabu tu. Hayakupungua. Bali watu wamekuwa wapole, jambo baya sana. Juzi nilimwambia mteja kwamba suruali yake imepungua kwa sababu ya dhambi zake, akanijibu, "Pole, mzee." Pole! Varanda imepoa. Siku nyingine natamani wasingeniamini, wakanicheka kidogo.

Habari nyingine ni za cherehani yako. Mama Nduku anaikalia yeye siku hizi. Mimi nakata kwa kushoto, vibaya, yeye anashona, na samahani, mshono wake umenyooka kuliko wako. Hasemi sana. Lakini nikiacha mkono mezani bila kufikiri, yeye husogeza kitambaa mbali nao, bila kutazama, vile vile ulivyokuwa ukifanya.

Siku ile tulipotoka kortini aliniambia neno moja tu: "Fundi, ule udongo haukufika. Utarudia."

Basi nitarudia. Jumapili, baada ya kanisa, tunakuja wote wawili. Ameuchota udongo mwenyewe kwenye kaburi lako, ameuanika juani nyuma ya nyumba, akaupondaponda, akauchekecha kama unga wa chapati, usibaki hata kijiwe. Anasema labda hivyo hautauma sana. Utauma. Sikumwambia.

Nakuahidi nitaushika kwa kulia na sitauangusha mpaka ukufikie. Ukisikia mtu anapiga kelele juu yako mpaka mbuzi wanakimbia, usishtuke, ni mimi, na si mzaha. Halafu cheka, tafadhali. Huku hakuna anayenicheka tena.

Lala, mwizi wangu.

Njoroge, wa cherehani ya kando