Ngome Niliyoitoa kwa Farasi

Mpendwa Chebet,

Huku Kiptere tuko wazima. Nyanya yako anakusalimu, na ng'ombe wako amezaa ndama jike. Umeniuliza kama ni wazimu, kwenye sataranji, kutoa ngome ili upate farasi tu.

Nilipokuwa karani mchanga kwenye kiwanda cha chai, nilicheza na Mzee Rono, mkubwa wangu, tukigombea nafasi moja ya timu. Niliitaka sana, ingawa nilimwogopa. Farasi wake ndiye aliyemlinda mfalme. Nikamla farasi huyo kwa ngome yangu, nikijua nayo italiwa.

"Karani, unapogoa chai ama unaing'oa?" akauliza, na wenzangu wakacheka.

Mfalme wake akabaki wazi katikati ya ubao. Kisha Mzee akaniachia askari wa bure pembeni. Nilitamani sana kumchukua, angalau nipunguze hasara. Nikaukalia mkono wangu. Nikasogeza malkia wangu kumwelekea mfalme. Hatua nane baadaye Mzee alinipa mkono. "Nafasi ni yako, kijana."

Kwa hivyo Jumamosi kwenye mchezo wako, ukishaona njia ya kumfikia mfalme inafunguka, toa ngome. Ila ukiitoa, usihangaike kuirudisha vipande vipande. Mwendee mfalme.

Ni mimi babu yako,
Kipkoech