Mpita Njia Katika Mji Wake

Kotor, Jumapili

Kaka yangu Vasko,

Barua yako imefika. Mtini wa uani umezaa sana mwaka huu, na paka wa marehemu Mama yu hai bado.

Mwenye nyumba anatutoa; anataka kupangisha watalii. Jana nilimshika Baba mkono tukaingia kwa lango la bahari, tukazunguka mji wa kale kutafuta walau chumba kimoja. Kila tulipobisha, alifungua mgeni mwenye taulo begani. Mwenyeji tuliyemkuta ni bibi Perina tu, naye alikuwa akifunga mizigo.

"Na wewe unaniacha?" Baba akamuuliza. "Nitagombana na nani sasa?"

"Gombana na paka, Dragutin. Ndio waliobaki."

Walicheka, kisha wakashindwa kutazamana.

Baba alichoka, akaketi kwenye ngazi za kanisa alimobatizwa. Kijana mmoja mtalii akamwamkia kwa lugha yetu, akamuuliza amefikia hoteli gani.

"Mimi napita tu, mwanangu," Baba akajibu.

Kesho tunahamia kwa binamu, nyuma ya mlima, pasipoonekana bahari. Krismasi usije, kaka. Hatuna tena pa kukupokea.

Dada yako,
Ljubica