Mguu wa Breki

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya tano tangu nibadilishiwe nyonga ya kulia. Mazoezi alfajiri: kuinua mguu mara kumi, kupumzika, kumi tena. Nimechoka hata na kuchoka kwenyewe. Mume wangu, Baba Neema, kachemsha chai, sukari kasahau.

Amenipeleka kliniki kwa gari. Karibu na nyumbani, hapa Moshono, mama mmoja alikuwa anavuka na mkungu wa ndizi kichwani. Baba Neema hakupunguza mwendo. Nikapiga kelele. Mama karukia mtaroni, mkungu chini. Hakuumia, namshukuru Mungu. Tulishuka tukaomba radhi. Baba Neema anasema alimwona.

Hakumwona.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimemwambia asiendeshe tena mpaka apimwe macho. Kajibu, "Aliyefanyiwa upasuaji ni wewe, si mimi."

Mimi nami bado siruhusiwi kuendesha. Mtaalamu wa mazoezi kasema: kwanza niache magongo, niache vidonge vya maumivu vinavyoleta usingizi, na niweze kufunga breki ghafla bila kuumia. Halafu daktari ndiye aseme. Nyumba ina gari moja na madereva wawili wabovu.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi wifi yangu kapiga simu kutoka Kikwe. Mama mkwe anahema kwa shida, apelekwe hospitali haraka. Baba Neema kashika ufunguo. Nikasimama mlangoni na magongo yangu.

"Huendi na hilo gari."

"Ni mama yangu!"

"Basi naendesha mimi."

Nikakaa kwanza, kisha nikaingiza miguu yote miwili kwa pamoja, kama nilivyofundishwa. Kabla ya kuwasha nikamwambia apige kofi bila kunitahadharisha, nami nikanyage breki. Akapiga. Mguu ukaenda kama gogo. Akapiga tena. Maumivu yakapanda mpaka kiunoni, unyayo ukateleza ukaangukia pedali ya mafuta. Gari lingekuwa limewaka, ningebomoa ukuta wa jirani. Au ningeua mtu.

Nikashuka. Tukaita teksi.

Dakika arobaini kuisubiri. Nilijichukia. Nikamchukia na yeye. Amesimama getini, hanitazami, akasema, "Mama Neema, yule mama wa ndizi sikumwona kabisa." Teksi ikafika, akapanda.

Saa nane kapiga simu. Nimonia. Mama kalazwa, kawekewa oksijeni. Madaktari wanasema amewahishwa. Nimelia jikoni, nimekaa kwenye kiti kirefu, maana vifupi nimekatazwa.

Ijumaa, 14 Machi

Mama karuhusiwa, karudi Kikwe. Baba Neema kapimwa. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Atafanyiwa upasuaji Mei. Kaweka ufunguo mkononi mwangu, akaenda kulala mchana kweupe.

Namwonea huruma. Hasira pia bado ipo.

Alhamisi, 10 Aprili

Daktari kanipa ruhusa. Safari fupi kwanza. Nilidhani nitafurahi. Naogopa tu.

Jioni tumeenda uwanja wa kanisa, hapakuwa na watu. Baba Neema pembeni yangu. "Simama!" Nasimama. "Simama!" Nasimama. Mpaka sauti ikamkauka. Mguu unawahi. Mara ya mwisho kasema, "Umenitikisa meno, mwanamke," tukacheka. Sikumbuki lini tulicheka.

Nimerudi nikalala na viatu.

Jumapili, 27 Aprili

Kikwe na kurudi. Njiani nilisimama mara mbili, nikashuka nikatembea kidogo, mguu usigande.

Mama mkwe alikuwa amekaa nje juani, kapungua sana. "Shikamoo mama." "Marahaba. Nani kaendesha?" Nikamwambia mimi. Akanishika mkono, hakuuachia mpaka chakula kilipoletwa.

Wakati wa kurudi, mbuzi walitokea ghafla kichakani, kundi zima, mbele yetu. Nilikanyaga. Gari likasimama. Nyonga haikuuma.

Baba Neema kakaza macho kwenye kioo cha mbele. "Kuna nini?"

"Mbuzi."

"Wengi?"

"Wengi."

Injini inaunguruma. Wa mwisho alikuwa mdogo, hana haraka. Tulimsubiri avuke.